UZI: Tairi limekua, difu imebaki ileile. Pikapu kongwe lililokataa mlima

#1 Gia_ya_Tatu

Wakuu, habari za humu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kila wiki kuna mtu anauliza, "gari langu la zamani halivuti, nibadilishe nini?" Majibu yanaanzia kwenye nozo (vinyunyizio vya dizeli), yanapita kwenye pampu, yanaishia kwenye kushusha injini nzima. Mimi nimepita njia hiyo. Nimetoka na nozo sita mpya na gari lilelile.

Lenyewe ni pikapu la Land Cruiser, familia ya 70, injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, cc 4164, haina tabo (kile kipulizia kinachoisukumia injini hewa). Gia tano. Difu, yaani gia za kwenye ekseli, ni 4.10 mbele na nyuma: shafti inazunguka mara 4.10 ili tairi lizunguke mara moja. Kiwandani lilitoka na tairi za 7.50R16. Mimi nililikuta limeshavalishwa 315/75R16, hizi ambazo watu wanaziita inchi 35. Niseme ukweli, nilinunua matairi, gari likaja kama nyongeza.

Bila mzigo kwenye tambarare, halina neno. Lipakie tani moja sasa. Gia ya tano unaiweka, unahesabu hadi kumi, unaitoa. Kilima kikianza, ya nne inazama, moshi mweusi huo nyuma, ukikanyaga zaidi hakuna kinachoongezeka isipokuwa moshi. Ukirudi ya tatu injini inalia kama inachinjwa. Katikati ya hizo mbili hakuna gia. Sindano ya joto nayo inaanza safari zake.

Gereji ya kwanza wakasema nozo zimekwisha. Nikabadilisha. Wakasema basi itakuwa pampu. Hapo nikasema ngoja kwanza nikae chini.

Nilichukua chaki. Nikachora mstari kwenye ubavu wa tairi la nyuma, pale linapogusa ardhi, na mwingine sakafuni chini yake. Gari lilikuwa na mzigo wake, upepo wa kawaida. Nikalisukuma na vijana wawili polepole hadi mstari wa tairi urudi chini, nikachora tena, nikapima kwa futi kamba: mita 2.69. Nikaazima tairi la 7.50 kwa jirani, nikalifunga, nikarudia. Mita 2.47.

Gawanya, unapata 1.089. Yaani kila mara difu inapozungusha tairi mara moja, gari linakwenda karibu asilimia 9 mbele zaidi ya alivyopanga aliyelitengeneza. Hizo asilimia 9 injini ndiyo inazilipa. 1HZ hutoa mvuto wa takriban Nm 285 kwenye mizunguko 2200 kwa dakika. Ukitazama nguvu inayofika ardhini, ni kama mtu kaniuzia injini ya Nm 262 bila kuniambia.

Tairi nalo ni gia, wakuu. Gia ya mwisho kabisa, baada ya difu. Tunalibadilisha kama tunabadilisha viatu, kumbe tumebadilisha hesabu ya gari zima.

#2 Mwana_Turubai

Naweka kambi hapa. Endelea mkuu.

#3 Piga_Tabo

Uzi mzuri ila unazunguka. Weka tabo, mchezo umeisha. Mimi nina 35 kwenye langu na mlima naupanda na ya nne huku napiga stori.

#4 Gia_ya_Tatu

@Piga_Tabo lako lilitoka kiwandani na tabo au umeongeza?

#5 Piga_Tabo

La kiwandani.

#6 Gia_ya_Tatu

Basi tunazungumzia magari mawili tofauti. Injini iliyozaliwa na tabo inapata mvuto wake mkubwa mapema, mizunguko ikiwa bado chini, kwa hiyo ukiirefushia hatua kidogo inakusamehe. 1HZ inapumua yenyewe. Mgandamizo wake unazidi 22 kwa 1 na mafuta yanaanzia kuungua kwenye chumba kidogo cha pembeni. Ukiibandikia tabo bila kupima joto la moshi na bila kurekebisha pampu, kichwa cha injini kinaweza kupasuka. Wapo waliofanya kwa adabu na zinatembea, sikatai. Lakini hiyo si dawa ya tairi kubwa.

#7 Nane_kwa_Nane

Swali la mshamba. Gari langu halina geji ya mizunguko. Najuaje injini inazunguka ngapi nikiwa na spidi fulani?

#8 Gia_ya_Tatu

Langu pia halina, ndiyo maana nikaingia kwenye hesabu. Chukua spidi, igeuze iwe mita kwa dakika. Kilomita 80 kwa saa ni mita 1333 kwa dakika. Gawanya kwa mzunguko wa tairi uliopima na chaki. Zidisha kwa namba ya difu. Zidisha kwa namba ya gia uliyoweka. Kama transifa yako (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) ina namba yake kwenye gia kubwa, zidisha na hiyo pia. Kwenye langu ni moja kwa moja.

Gia ya nne kwangu ni 1.00, ya tano ni kama 0.85, ya tatu ni kama 1.52.

Na 7.50, difu 4.10, kilomita 80: ya nne inatoa mizunguko 2213, ya tano 1881.

Na hizi 35, spidi ileile: ya nne 2032, ya tano 1727.

Ukiziona hivyo tofauti ni ndogo. Sasa shuka hadi kilomita 60, maana huo ndio mwendo halisi wa gari lenye tani moja kilimani. Na 7.50 ya nne inakupa 1660. Na 35 inakupa 1524. Pale 1524, na mguu umefika sakafuni, ndipo langu lilipokuwa linakufa. Ukirudisha ya tatu unaruka hadi kama 2317. Unaona hilo shimo kati ya ya tatu na ya nne? Shimo lipo tangu kiwandani, ila na tairi lake la asili gari lilikuwa linaning'inia ukingoni bila kutumbukia.

#9 Mhasibu_wa_Dizeli

Hapo nina ubishi kidogo. Umesema mvuto mkubwa uko 2200. Kwa 35 kwenye ya nne uko 2032, umekaribia kabisa. Kwenye ya tano pia Nm hazijaporomoka sana. Tatizo liko wapi?

#10 Gia_ya_Tatu

Swali zuri, na ndilo lililonichanganya mwezi mzima. Nm ni jinsi injini inavyosukuma kwa nguvu, lakini kupanda mlima kwa spidi fulani kunataka kazi kwa kila sekunde, yaani kilowati. Kilowati ni Nm mara mizunguko, gawanya kwa 9549. Chukulia Nm zinabaki 285 zote (hazibaki, lakini chukulia). Kwenye 1881 unapata kilowati 56. Kwenye 1727 unapata 51 na nusu. Mlima haujapungua, mzigo haujapungua, wewe umepunguza kilowati. Spidi inashuka, ikishuka mizunguko inashuka nayo, kilowati zinapungua tena. Ndiyo maana gari halishuki spidi taratibu. Linaporomoka tu hadi ubadili gia.

Na pampu ya maji na feni vinafuata mizunguko hiyohiyo. Injini imekanyagwa hadi mwisho, feni inazunguka kivivu. Ile sindano ya joto niliyokuwa nailaumu rejeta, jibu lake hili hapa.

#11 Chuma_Chakavu88

Mmenikumbusha dhambi zangu. Mimi nilifanya kinyume chenu na nikapata ugonjwa uleule, bila kugusa tairi.

Nilikuwa na Land Rover Series III fupi, ile ya inchi 88 kati ya ekseli, dizeli ya lita 2.25, farasi kama 60 hivi zikiwa na afya. Difu zake za asili ni 4.7, krauni (gia kubwa ya difu) meno 47, pinioni (ndogo inayoizungusha) meno 10. Kwenye kilomita 80 injini iko kama 3200, kelele mtindo mmoja, mnaongea kwa ishara. Nikasikia difu za Range Rover za 3.54 zinaingia bila kukata wala kuchomelea. Kweli zinaingia. Nikafunga mbele na nyuma, jioni moja tu. Mizunguko ikashuka hadi kama 2400. Siku ya kwanza niliimba njia nzima.

Siku ya pili kulikuwa na upepo wa mbele. Sijasema mlima, nimesema upepo. Gari lilikataa gia ya nne kabisa. Nikawa naendesha na ya tatu, ambayo sasa haikuwa mbali sana na ya nne ya zamani, kelele ileile, na gia ya nne nimebaki nayo kama pambo. Na kuondoka na mzigo sehemu ya mwinuko, klachi ilikuwa inanuka kila mara. Nilizirudisha 4.7 ndani ya miezi mitatu.

Zile 3.54 zilikuwa na akili kwa injini yenye nguvu mara mbili ya yangu. Hamna difu mbaya. Kuna difu iliyoolewa na injini isiyo yake.

#12 Mwana_Turubai

"Nimesema upepo" 😂😂 mkuu umeniua.

#13 Nane_kwa_Nane

Nauliza tena. Najuaje difu yangu ni ngapi bila kuifungua? Aliyeniuzia anasema 4.10, kibao kimefutika.

#14 Krauni_Pinioni

Hii nijibu mimi, ndiyo kazi yangu.

Gari sehemu tambarare. Magogo mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, si jiwe moja la kuzugia. Gia iwe huru, foo wili imetolewa. Inua gurudumu MOJA la nyuma, weka stendi chini ya ekseli, usiamini jeki. La pili libaki chini. Sasa achia handibreki. Weka alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu).

Difu ya kawaida, upande mmoja ukiwa umeshikwa na ardhi, krauni inazunguka nusu ya tairi. Kwa hiyo tairi mara mbili ni krauni mara moja. Wengi wanazungusha tairi mara mbili, wanaona propela imekwenda "nne na kitu kidogo", wanasema ni 4.10. Hicho kitu kidogo ndicho kinachotofautisha 4.10 na 4.30! Usiwe mvivu. Zungusha tairi mara 20, mwenzako ahesabu propela. Ikiwa 41, ni 4.10. Ikiwa 43, ni 4.30. Ikiwa 45 na nusu, ni 4.56. Ikiwa 37, ni 3.70. Karibu 49, una 4.88.

Kama difu ina loki iliyofungwa (magurudumu mawili yanazunguka pamoja) au ni ile inayobana yenyewe, njia hii haifanyi kazi. Inua magurudumu yote mawili, zungusha mara 10, yaende upande mmoja pamoja.

Halafu rudia mbele. Nimeshakuta pikapu lina 4.10 nyuma na 3.70 mbele, mtu kanunua ekseli ya mbele iliyotumika, hakuuliza. Kwenye lami hajui kitu. Siku anaingiza foo wili sehemu kavu, mbele inataka kwenda spidi yake na nyuma yake, kila kitu katikati kinajipinda hadi kimoja kivunjike.

#15 Gia_ya_Tatu

Asante sana @Krauni_Pinioni. Na swali langu kwako sasa. Nikitaka kubaki na 35, natakiwa difu ngapi? Nimezidisha 4.10 kwa 1.089 nimepata 4.465. Hiyo haipo.

#16 Krauni_Pinioni

Haipo. Zinazopatikana zimefungwa na hesabu ya meno: 41 kwa 10 ni 4.10, 43 kwa 10 ni 4.30, 41 kwa 9 ni 4.56, 39 kwa 8 ni 4.88. Ukiwa katikati, gari la mzigo panda juu, la safari tupu shuka chini. Kwako 4.56. Kwenye kilomita 80 ya tano utakuwa kama 1920, ya nne kama 2260. Juu kidogo tu ya ilivyokuwa kiwandani, na hiyo kidogo itafidia uzito wa tairi lenyewe.

Faida nyingine watu hawaisemi: mita ya spidi inapona. Waya wake unasoma shafti inayotoka kwenye transifa, hauoni tairi wala difu. Sasa hivi ukiona 80, unakwenda 87. Ukiweka 4.56 itadanganya kwa asilimia 2 tu, tena kwa upande salama.

Ubaya: unafungua difu mbili. Na hii si kazi ya kufunga kwa kukisia. Kuna kina cha pinioni, kuna ubanaji wa beringi za pinioni, kuna nafasi kati ya meno, ambayo kwenye difu nyingi za ukubwa huo inakaa kati ya mm 0.15 na 0.20, lakini fuata kitabu cha gari lako. Unapaka rangi kwenye meno, unazungusha, unatazama pale rangi ilipofutika. Alama ikikaa katikati ya jino, umepata. Ikikimbilia kwenye ncha au shinani, toa yote uanze upya. Mimi kuna siku nimetoa mara tano. Fundi akikwambia hana haja ya geji kwa sababu anasikia kwa mkono, chukua gari lako uondoke.

Baada ya kufunga, siku ya kwanza tembea kidogo bila mzigo, dakika 20 hivi, uache ipoe kabisa. Mzigo mzito subiri. Oili ya GL-5, ukifikisha kama kilomita 800 imwage, utaona unga wa chuma unang'aa humo ndani. Huo wa mwanzo usikutishe.

#17 Mhasibu_wa_Dizeli

Hilo la mita ya spidi limenifungua macho. Watu wanasema "tangu niweke tairi kubwa gari linakunywa", halafu wanahesabu kwa kilomita za dashibodi. Dashibodi ikisema 100, wametembea 109! Kwenye tambarare inawezekana ulaji haujabadilika, namba ndiyo imeongopa.

#18 Gia_ya_Tatu

Kweli. Nimerudi kwenye daftari langu la mafuta nikakuta nimejidanganya mwaka mzima. Bado na mzigo lilikuwa linakula zaidi, lakini si kwa kiasi nilicholalamika nacho.

#19 Bi_Stelingi

Nimesoma kimya tangu mwanzo. Naendesha mizigo miaka mingi, niseme langu. Mnahesabu difu, krauni, oili, geji. Mwenye uzi, hilo tairi la jirani ulilopimia na chaki, umewahi kuazima yote manne ukapanda nayo mlima wako? Mzigo uleule, mlima uleule. Kama likipanda, umeshapata difu yako bila kufungua nati hata moja.

Na uliza breki zako pia. Tairi refu ni wenzo mrefu dhidi ya breki ileile. Kupanda unalalamika, kushuka je?

#20 Gia_ya_Tatu

😅 Dada, sikuwahi. Nilifunga moja, nikapima, nikarudisha. Kushuka sikutaka kulisema hapa, lakini ndiyo, nilikuwa nashuka na gia ya pili na moyo mkononi. Ngoja nikamwone jirani.

#21 Piga_Tabo

Jirani mwenyewe atajuta kufahamiana na wewe.

#22 Nane_kwa_Nane

Nimehesabu wakuu. Mara 20, propela 43. Yangu ni 4.30, si 4.10! Na tairi zangu ni 285/75R16. Niko wapi?

#23 Krauni_Pinioni

Uko pazuri kuliko wote humu. 285 mara 0.75 mara 2, jumlisha rimu ya mm 406, unapata kipenyo mm 834. 7.50R16 ni kama mm 806. Umezidi asilimia 3 na nusu, na difu yako imezidi 4.10 kwa karibu asilimia 5. Vimefutana. Usiguse kitu. Kama halivuti, wewe ndiye wa kuangalia nozo.

#24 Gia_ya_Tatu

Nimerudi wakuu, ripoti.

Nimefunga 7.50 zote nne za jirani. Kwanza, kuzifunga tu nimeona kitu: la 35 na rimu yake nalinyanyua kwa goti, hili nalinyanyua kwa mkono. Nimezipima kwenye mizani ya magunia, tofauti ni kilo 13 kwa kila moja. Kilo 13 mara nne, zinazozunguka, na breki ndiyo ilikuwa inazisimamisha.

Nimepakia tani moja ileile. Mlima uleule. Nimeingia na ya nne, kilomita 70. Pale kwenye kona ambapo huwa narudi ya tatu, niliweka mkono kwenye kijiti cha gia kwa mazoea. Likashuka hadi 60. Likatulia hapo. Sikusogeza kijiti. Moshi kidogo wa kijivu, sindano ya joto haijatoka katikati. Nimefika juu na ya nne, mkono bado uko kwenye kijiti, nimeusahau.

Kushuka, breki ninazozijua zimerudi.

#25 Chuma_Chakavu88

Kwa hiyo 4.56 unaagiza au huagizi?

#26 Gia_ya_Tatu

Siagizi. Matope ninayopita ni ya siku chache kwa mwaka, mlima ni wa kila wiki. Ningekuwa mtu wa mashimo na mito ningefunga 4.56 mbele na nyuma kwa @Krauni_Pinioni na kubaki na 35. Natafuta 7.50R16 nne mpya, au 235/85R16 ambazo kipenyo chake ni kilekile mm 806.

Gari limepoteza sura, siwafichi. Linaonekana limechutama.

#27 Bi_Stelingi

Linachutama ili linyanyue mzigo. Na tairi za jirani?

#28 Gia_ya_Tatu

Ameniambia nizirudishe zikiwa zimeoshwa.